Sijambo ya Shangazi

Shangazi yangu alikubali kudungwa chanjo kwa sababu yangu. Nilikuwa mmoja wa watu wa maabara waliokuwa wakijaribu chanjo ya DNA dhidi ya chikungunya, homa ya mbu inayokaza viungo, nikamweleza sebuleni kwake Bondeni: ndani hamna kirusi, mna maagizo tu, mwili utayasoma ujifunze kujikinga. Yeye alikuwa amemwona jirani yake, baada ya homa ile, akishuka ngazi kwa kukaa, kidato kimoja kimoja.

"Nidungeni," alisema. "Mtoto wa ndugu yangu hanitii shimoni."

Zamu yangu ilikuwa kuwapigia simu waliodungwa kila asubuhi, yeye akiwamo, na kuandika hali zao.

"Sabalkheri, shangazi. Hujambo?"

"Sijambo, mwanangu, alhamdulillah."

Nami naandika: hana dalili. Mimi, mtu niliyelelewa Mombasa! Hapa hata anayekata roho husema hajambo kwanza. Maradhi hutajwa baada ya kuulizana habari za nyumba nzima. Mimi nilikuwa nikikata simu kabla ya kufika huko. Nilikuwa na haraka, na majivuno kidogo ya koti jeupe.

Siku ya sita nilimpitia adhuhuri nikamkuta amejifunika blanketi katika joto lile, meno yanagongana. Homa ilikuwa na siku tatu. Siku tatu za "hana dalili", kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nilimkimbiza kliniki yetu, nikakiri kosa langu kwa daktari. Akalitazama bega lililodungwa, halikuwa na uvimbe. Akamtoboa kidole, akatia tone la damu kwenye kipimo, tukangoja. Sikumbuki kuogopa vile maishani. Chanjo ile asingeijua kama si maneno yangu matamu.

Mistari miwili ikatokea. Malaria! Wiki mbili nyuma alikuwa amelala matangani Kwale bila chandarua. Daktari akasema vidonge vitamtosha, na kwamba chanjo haikuwa na hatia.

"Alhamdulillah!" nilipaza sauti, kliniki nzima ikageuka.

Shangazi akanikazia macho. "Mimi naumwa, nawe washukuru?"

"Nilidhani nimekuua, shangazi."

Alikivuta kichwa changu akakilaza pajani pake. Paja lilikuwa la moto. Nililia pale pale, mbele ya wagonjwa, wala sikuona haya.