Jua Likiwa Wapi?

Majirani wa ghorofa ya tatu pale mtaa wa Fedha walidhani Ndunge Nzivo hana kazi. Wangejua! Kwenye meza ndogo iliyobanwa kati ya friji na dirisha la jikoni, mama huyu ndiye aliyekuwa akiwakutanisha mtandaoni wakubwa wa shirika moja la mbegu: mmoja Accra, mmoja Delhi, wawili London, na bosi wake, Eve Wahome, hapa hapa Nairobi. Kuwapata wote wakiwa macho, wakiwa na nafasi, kwa saa ile ile moja, si mchezo. Wewe jaribu tu kuitisha kikao cha harusi cha watu wanane wa mtaa mmoja, ndipo utamheshimu Ndunge.

Kabla ya kuandika saa yoyote alikuwa na swali lake: "Jua likiwa wapi?" Alilirithi kwa baba yake, Mzee Nzivo, aliyechonga vinyago miaka arobaini kwenye kibanda cha mabati kule Majengo. Mteja akiahidi kuja saa tatu, mzee hakumwamini mpaka aonyeshe kwa kidole jua litakuwa upande gani. Saa tatu yetu ni asubuhi, jua likipanda. Tatu ya Kizungu ni alasiri, jua likishuka. Vinyago vingi vilikosa wenyewe kwa ajili ya hizo saa sita zilizo katikati. Kwa miaka sita Ndunge aliwauliza hivyo hata watu wa London, wakacheka, kisha wakazoea, na hakuna aliyewahi kukosa mkutano kwa kosa lake.

Alijivunia mambo mengine mawili. Mkutano ukishasogezwa mara moja, hakuusogeza tena. Na mambo yake ya nyumbani hayakuonekana na mtu. Kwenye kalenda ya ofisi, ambayo wote waliiona, shughuli zake binafsi zilikuwa kiboksi cha kijivu kisicho na jina. Mkutano ukianza, mlango wa jikoni ulifungwa, sufuria zikanyamaza. Aliogopa wakubwa wakisikia ana maisha wataona hana kazi. Uoga wa bure, lakini aliubeba miaka yote hiyo bila kumlalamikia mtu.

Sasa, Mzee Nzivo alikuwa amehamia kwake, na macho yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Uso wa binti yake aliuona kama ukungu. Miezi saba walingoja nafasi ya upasuaji, mpaka hospitali ya macho ikampigia mzee mwenyewe: Alhamisi, saa tatu. Mzee akamwambia mwanawe Kyalo, dereva wa lori, naye Kyalo akaiingiza kwenye kalenda ya familia ambayo Ndunge aliwafungulia wote kwenye simu.

Ndunge alipoangalia, akaona zamu ya baba yake iko saa tisa alasiri. Balaa, kwa sababu mkutano mkuu wa mwaka alikuwa ameuweka saa hiyo hiyo. Akawaomba wote wauhamishe uwe asubuhi, saa tatu. Mama wa Accra, ambaye kwake ingekuwa alfajiri ya saa kumi na mbili, aliguna lakini akakubali. Ndunge akashukuru, akaamini kila kitu kimekaa sawa. Lile swali lake hakumuuliza kaka yake. Nani huuliza watu wa nyumbani?

Alhamisi saa mbili kasorobo asubuhi, akiwa anaandaa karatasi za mkutano, alimkuta mzee sebuleni amevaa koti, ndevu kanyoa, kofia magotini.

"Twende," mzee akasema. "Hospitali iko mbali."

"Baba, si ni alasiri?"

"Nani amesema alasiri? Ni saa tatu."

Ndunge akampigia Kyalo, aliyekuwa safarini na lori lake, mbali kule Mtito Andei.

"Siz, si niliweka kwa kalenda? Niliandika tatu."

"Jua likiwa wapi, Kyalo?"

Kyalo akaichungulia kalenda. Kisha: "Aki woiye. Simu imeisoma Kizungu, ikaiweka alasiri. Pole, siz."

Ndunge akasimama katikati ya sebule. Mkutano ulikuwa kwa jina lake. Asipoufungua, hakuna anayeingia. Hospitali nayo ilitaka jamaa wa kutia sahihi, na aliyepoteza zamu alirudi mwisho wa foleni. Miezi saba mingine! Mzee angeweza kukosa hata huo ukungu.

Alikaa mezani akaifungua kalenda ya ofisi. Vidole vilisita kidogo tu. Kwenye kile kiboksi cha kijivu akaandika, kila mtu aone: "Nampeleka baba yangu akafanyiwe upasuaji wa macho." Chini yake akaongeza: "Naomba mkutano urudi saa tisa alasiri ya Nairobi, jua likishuka. Kosa ni la kwetu. Samahani."

Wa kwanza kujibu alikuwa mama wa Accra, aliyeandika kwamba anarudi kulala na kwamba Mungu ambariki huyo mzee. Delhi akakubali, kisha London. Kabla Ndunge na baba yake hawajafika chini ya ngazi, simu ikalia. Eve Wahome.

"Ndunge, miaka sita," Eve alisema. "Miaka sita unanipangia hadi siku ya daktari wa meno, na mimi sikujua kama una baba."

"Ninaye, madam."

"Basi mpeleke. Na pole, nilipaswa kuuliza."

Walifika kabla ya muda wao dakika nne. Saa nane walikuwa wamerudi Fedha, jicho moja la mzee limefungwa bandeji. Saa tisa kamili Ndunge akaufungua mkutano, na mlango wa jikoni akauacha wazi. Mzee alikohoa mara mbili kwenye kochi. Wale wa London wakauliza anaendeleaje.

Kesho yake asubuhi walirudi hospitali, muuguzi akaitoa bandeji polepole. Mzee akapepesa, machozi yakamtoka. Dirisha lilikuwa wazi nyuma ya Ndunge.

"Baba," akamuuliza, "jua liko wapi?"

Mzee hakuangalia dirisha. Alimtazama binti yake, akanyoosha mkono akamshika juu ya sikio.

"Una mvi," akasema. "Ulizipata lini, na mimi niko hapo hapo nyumbani?"

"Zilikuja polepole, Baba. Na jua?"

"Jua nimeliona. Ngoja kwanza nikuangalie wewe."