Mama Ndimu na Kiti cha Kulia

Mama yangu alikuwa fundi cherehani, na leseni ya udereva hakuwahi kuishika. Lakini magari mengi yaliyotumika yaliyovuka mpaka kuja mjini kwetu yalipita chini ya macho yake, na mengine bado yanatembea. Mungu amempumzisha wiki iliyopita. Mdomo wangu bado unasema "mama yupo", kisha ninakumbuka.

Kazi ya baba ilikuwa kwenda nchi jirani kumnunulia mtu gari, kulipitisha forodhani na kulileta hadi mlangoni kwake. Huko jirani magari hupita kulia mwa barabara, kwa hiyo usukani uko kushoto. Kwetu tunapita kushoto. Ukishavuka lango la mpaka na gari la huko, unajikuta umekaa ukingoni kabisa, karibu na mtaro, na lori la mbele limekuziba kama ukuta. Huwezi kuona kinachokuja mpaka ulitoe gari karibu lote upande wa pili. Ukilitoa ukakuta basi linakuja, hapo imebaki kudra ya Mungu.

Siku moja baba alirudi na gari ambalo kioo cha pembeni kinaning'inia kwa waya. Mama alikuwa anashona sare za shule. Alikitazama kile kioo, akakata uzi kwa meno, akasema, "Safari ijayo tunakwenda wote."

"Kufanya nini? Gari si nguo, mke wangu."

"Wewe utakuwa mikono, mimi nitakuwa macho. Nguo nikiikosea naifumua. Wewe nikikukosa nitafumua nini?"

Tangu hapo, kila gari lilipotoka huko jirani, mama alikaa kiti cha mbele kulia, mahali ambapo kwetu hukaa dereva. Yeye ndiye aliyeona barabara inayokuja. Mwanzoni walikuwa wakiambiana ovyo. Siku moja baba alitaka kulipita lori, akauliza, mama akajibu "sawa" kwa maana ya "nimekusikia", na baba akakanyaga mafuta, wakaponea chupuchupu. Baada ya hofu ya siku hiyo wakapatana maneno mawili tu. "Nyeupe" maana yake njia haina kitu, pita. "Bado" maana yake kaa hapo hapo hata kama lori linakupulizia moshi puani. Mama akisema "bado", baba hakuuliza kwa nini.

Pale mpakani walimcheka. "Mzee, leo umekuja na mkaguzi?" aliuliza wakala wa forodha.

"Mkaguzi ni mimi," mama akajibu. "Huyu ni dereva wangu, na bado yuko kwenye majaribio."

Kucheka kuliisha walipomwona akifanya kazi. Wanaume walifungua boneti na kusikiliza injini. Mama alipiga goti mlangoni, akapitisha kidole kwenye mishono ya viti. Kiti kilichoshonwa upya kwa uzi mgeni alikijua, na aliuliza kilichanika kwa nini. Akikuta tope kavu ndani ya mshono alijua gari lilizama majini, akasimama, akajipangusa magoti na kumwambia muuzaji kwa upole, "Baba, hili limeogelea. Tuonyeshe ambalo halijui kuogelea."

Sasa nifike kwa kinyozi. Kinyozi wa mtaa wetu alikuwa rafiki wa baba, mtu mwema, lakini mdomo wake ulikuwa mkali kuliko wembe wake. Jambo likiingia kibandani kwake asubuhi, jioni limefika sokoni, na limekwisha kunyolewa na kupakwa mafuta. Yeye naye alitaka gari, afanye biashara ya teksi. Akasema lazima aende mwenyewe akalione, asije akauziwa mbuzi kwenye gunia. Wakaenda watatu.

Gari lilipatikana, zuri, rangi ya maziwa, mishono yote ya kiwandani. Forodhani baba alipewa karatasi ya kibali atie sahihi. Akampa mama. "Nisomee, wino umefifia." Mama akaisoma. Wino ulikuwa mweusi tii. Akamwekea kidole mahali pa kutia sahihi.

Walipovuka, jua la alasiri lilikuwa mbele yao. Mbele kidogo palikuwa na mtu wa baiskeli amebeba kuni, upande wa baba mwenyewe, karibu na mlango wake. Baba hakukwepa. Mama akasema, "Baiskeli, kushoto," na usukani ukageuka ghafla. Hapo mama alijua kwamba baba haoni. Baba alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alikuwa amemficha kila mtu kwa miezi. Barabara ile aliijua kama kiganja chake, kwa hiyo aliiendesha kwa kukariri.

Mama angeweza kupiga kelele. Lakini kinyozi alikuwa kiti cha nyuma. Kinyozi akijua, mji mzima umejua, na nani tena angemtuma kipofu kuleta gari? Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha, na ndiyo ambayo ingelipia tiba ya macho yenyewe. Tena palikuwa na roho za watu ndani ya gari na nje yake. Mama alikuwa na mambo mawili ya kulinda kwa wakati mmoja, maisha ya watu na jina la mumewe.

Akaamua kuwasimamisha kwenye mji wa kwanza kwa kisingizio chochote. Mpaka hapo, akaanza kuongea.

"Loo, tazameni ng'ombe wale, wamejaa kushoto mpaka kwenye lami. Na yule mama mwenye ndoo, mbona anavuka polepole hivyo? Kona hii nayo ni kali, ya kulia. Daraja hili jembamba jamani."

"Shemeji," kinyozi akasema, "leo umemeza redio?"

"Nimeimeza, na betri ni mpya."

"Basi nitafutie stesheni ya muziki." Akajikunja kitini, akalala.

Barabara haikuwasubiri wafike mjini. Baada ya kilima kimoja, mafundi wa barabara walikuwa wamechimba lami wakati baba na mama wako ng'ambo. Waliziba njia kwa mawe na tawi la mti, na kuchonga mchepuko kando. Katika kichwa cha baba barabara ile ilikuwa inaendelea moja kwa moja.

"Bado!" mama akasema. Hapakuwa na lori mbele, hapakuwa na gari la kulipita. "Bado, bado, bado!"

Baba hakuuliza kwa nini. Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likaserereka, likasimama bampa ikigusa mawe. Ng'ambo ya mawe yale palikuwa na shimo ambalo nyumba yetu ingeingia na bati lake.

Kinyozi akaamka paji la uso likiwa kwenye kiti cha mbele. "Kuna nini? Tumegonga?"

Mama alikuwa ameshafungua mlango. Alitoka, akainama kando ya barabara, akashika tumbo na kuguna kama mtu anayetapika. Baba, mikono ikiwa bado kwenye usukani, alidhani ni hofu.

"Ni tumbo langu," mama akasema. "Nimemwomba asimame haraka. Nisameheni. Gari limenikataa leo."

"Ah, shemeji! Safari zote hizi, leo ndiyo unatapika? Kwenye gari langu jipya?"

"Si gari, ni mguu wa huyu baba watoto. Mzito. Anakanyaga kama anaponda kokoto. Shemeji, wewe una mkono mwepesi, kila mtu anasema ukimnyoa mtu analala. Hebu endesha wewe."

Kinyozi alitunisha kifua. Leseni alikuwa nayo, lakini usukani wa kushoto hakuwahi kuugusa. Baba alitaka kusema neno. Mama akamtazama, na baba anasema hata kwa macho yale yaliyojaa ukungu aliuona mtazamo ule.

"Haya," baba akasema. "Gari ni lako. Lijaribu." Akahamia nyuma.

Mama akarudi kiti chake cha kulia, akashusha kioo kama mgonjwa anayetaka upepo. "Nikisema 'nyeupe', pita. Nikisema 'bado', ni bado."

Wakafika nyuma ya lori la marobota. Kinyozi akauliza, "Vipi?"

"Bado."

Wakaenda, wakaenda. "Shemeji?"

"Bado."

"Bado mpaka lini? Mpaka kiama?"

"Ukiwa na haraka ya kiama utakuwa wa kwanza kufika, na sisi tutakuwa kwenye gari lako. Bado."

Mabasi mawili yakapita yakifuatana, upepo wake ukalitikisa gari. Kinyozi hakuuliza tena mpaka aliposikia, "Nyeupe. Twende." Wakafika nyumbani salama, na kinyozi akitokwa na jasho na fahari.

Jioni ile mama alimwita baba chumbani, akampa sindano na uzi. "Nitungie."

Baba alijaribu. Uzi ulipita huku na huku kwenye hewa. Mama akavichukua mikononi mwake taratibu, akatunga, akavichomeka kwenye mto wa sindano.

"Kesho tunakwenda hospitali ya macho."

"Na kazi?"

"Kazi itasubiri. Wanao hawawezi kusubiri baba mwingine."

Alitibiwa jicho moja, kisha la pili, akaambiwa na daktari kwamba anaruhusiwa kuendesha. Sisi watoto na mji mzima tuliambiwa amekwenda kupumzika kwa mjomba. Alirudi kazini akaona, kama alivyosema mwenyewe, mpaka dhambi za majirani. Mama akarudi kwenye kiti cha kulia.

Lakini kwa kinyozi hadithi ilikuwa imeshatoka. Kila aliyekaa kwenye kiti chake cha kunyolea alisikia jinsi mke wa dereva alivyotapika nusu ya safari (kwanza ilikuwa mara moja, kisha nusu, kisha njia nzima) mpaka yeye kinyozi akaokoa jahazi. Mama, ili hadithi ile isimame na asiulizwe zaidi, akaanza kubeba ndimu kwenye mkoba na kuzinusa akiwa safarini mbele ya wateja. Hivyo akapata jina, Mama Ndimu. Majirani walimletea tangawizi na mizizi. Fundi magari alimwuliza kama amewekewa mfuko wa plastiki wa kutapikia. Shuleni niliitwa mtoto wa Mama Ndimu, nikalia, nikamwambia awaambie waache. Akanifuta machozi kwa ncha ya kitambaa alichokuwa akikishona. "Mwanangu, ndimu ni tunda zuri. Wangeweza kuniita Mama Pilipili."

Hakunieleza, na mimi sikujua. Hakuna aliyejua. Niliyoyaandika hapa nimeyasikia msibani.

Siku ya pili ya msiba watu walikuwa wamejaa uani, na kinyozi, ambaye sasa ndevu zake mwenyewe ni nyeupe, alikuwa anawachangamsha waliofiwa kwa hadithi yake ya siku zote. Alikuwa amefika mahali pa tumbo. Watu walicheka kile kicheko cha msibani, kinachotoka na machozi.

"Acha," baba akasema.

Hakupaza sauti, lakini vicheko vilikatika.

"Mke wangu hakuwahi kuumwa na gari hata siku moja. Siku ile mimi nilikuwa sioni."

Akasimulia yote, mawe, shimo, sindano na uzi. Akasema alimwuliza mama usiku wa kurudi, inakuwaje yeye asiyedanganya hata juu ya sentimita moja ya kitambaa, amesema uongo mchana kweupe. Mama akamjibu kwamba ameshaomba msamaha kwa Mungu, na kwamba ataomba tena kila atakapolazimika kuurudia. "Na alikuwa anaomba kila alipobeba ndimu," baba akasema. "Nilimsikia. Nilimwambia, acha niwaambie watu, nimeshapona. Akasema, 'Wewe unalisha nyumba kwa jina lako. Mimi kwa cherehani, na cherehani haijali ninaitwa nani.'"

Kinyozi akasema, "Yaani mimi nilikuwa nimelala!" Hakuna aliyecheka. Akavua kofia. "Miaka yote nimemtangaza, na akipita dirishani ananiuliza, 'Shemeji, wateja wapo?'" Akajifunika uso kwa ile kofia.

Ninaamini Mungu alimsamehe mama ule uongo tangu ule wa kwanza. Sina elimu ya dini ya kubishana na mtu, lakini Yeye aliyeumba macho anajua mama alivyotumia ya kwake.

Siku ya mazishi kinyozi alikuja na gari lile lile. Rangi ya maziwa imekuwa ya chai, lakini injini inanguruma vizuri. Baba aliingia nyuma. Mimi nilitaka kukaa naye, akanifungulia mlango wa mbele kulia. "Kaa hapo," akasema.

Njiani tulikuta lori la mchanga linajikokota. Kinyozi akapunguza mwendo, akanitazama. "Vipi, mwanangu?"

Nilitazama. Njia ilikuwa tupu mpaka juu ya kilima, hapakuwa hata na baiskeli. Neno nililijua, lakini lilikuwa la mama, sikulisema. Kinyozi alinisubiri. Hakulitoa gari hata kidogo.

Tulilifuata lori lile mpaka njia panda ya makaburini, mchanga ukitunyeshea kwenye kioo, na hakuna aliyeona tumechelewa.