Nyota Moja kwa Sufuria Tatu

Mtaani walimwita Mama Vipande, kwa kuwa hakuna kipande cha kitambaa kilichopita mkononi mwake kikaishia jalalani. Kola ya shati kuukuu, pazia lililoungua pasi, mifuko ya suruali isiyovalika tena: vyote alivifua, akavinyoosha, akavikata nyota. Kila mwaka Krismasi ikikaribia alishona nyota za kuning'iniza, akazijaza pamba, akazitia kikapuni na kuzizungusha mlango kwa mlango: saluni, ofisi, zahanati, shule. Miaka saba sasa. Mdomo wake haukuwahi kuchoka, maana kubishana bei ndiko kulikomlea. Kilichochoka ni magoti. Akipanda ngazi yalilia kama bawaba zisizotiwa mafuta.

Kwa hiyo mwenye duka la vitambaa alipomwambia kwamba rafu ya karibu na mlango itakuwa wazi, Mama Vipande hakuuliza mara mbili.

"Niletee nyota themanini, Jumamosi kabla ya saa sita mchana," mwenye duka alisema. "Themanini, si sabini na tisa. Zikipungua naweka za kiwandani, na rafu hiyo usiniulize tena."

"Na zikitimia?"

"Rafu yako, mwaka mzima. Wewe utakaa, wateja ndio watakaotembea."

Alijipangia vizuri: kumi kwa siku, siku nane, kazi imekwisha. Kitu kimoja alisahau kukipanga, nacho ni familia. Wageni waliotarajiwa Ijumaa walibisha hodi Jumanne asubuhi, akiwa na nyota hamsini tu. Alikuja wifi yake na watoto watatu, na nyuma yao mama mkwe, na mabegi yaliyosema wazi kwamba hawa si watu wa kuondoka kesho.

Meza yake ya kukatia, iliyokuwa chini ya dirisha, ikageuka meza ya kulia. Cherehani ikahamia chumbani, kati ya kitanda na kabati, mahali ambapo mshonaji hukaa kiubavu kama kaa. Na nyota si mto, kwamba unashona pande nne ukaenda zako. Nyota ina pembe tano, na kila pembe lazima igeuzwe kwa ncha butu ya penseli, taratibu, la sivyo inabaki imejikunja kama kidole kilichovunjika. Alishona pembe mbili, akaitwa: chumvi iko wapi? Akashona ya tatu: mtoto kamwaga maji. Siku ile, tangu asubuhi hadi jua linazama, alimaliza nyota nne, na mgongo ulimuuma kama aliyeshona arobaini.

Jumatano baada ya kifungua kinywa, wifi aliingia chumbani, akainama juu ya kikapu.

"Wifi, mikono yako ina baraka! Nachukua hizi tano, za majirani zangu."

"Chukua moja," Mama Vipande alijibu bila kuinua macho, "uoshe sufuria tatu."

Wifi alicheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha. "Wifi, mimi mgeni jamani!"

"Mgeni ni yule anayeuliza sukari iko wapi. Wewe umeshaihamisha mahali pake."

Mama mkwe alikuwa sebuleni akifuma kitambaa cha mezani, ila masikio yake yalikuwa chumbani. "Sufuria tatu kwa nyota moja ni unyonyaji!" alipaza sauti. "Mbili!"

"Tatu, mama."

"Mbili, na ya tatu akwangue ukoko tu."

"Tatu, na ukoko ninaukwangua mwenyewe."

Nyumba nzima ikacheka, na bei ikasimama hapo. Kufikia mchana nyumba ilikuwa soko. Kufagia na kupiga deki, nyota moja. Kufua na kuanika, nyota moja. Mume wake, fundi bomba ambaye tangu waoane hakuwahi kujua jiko linawashwaje, alimenya viazi karai zima akidai nyota mbili za kupeleka kazini. Maganda yalikuwa manene kuliko viazi. Akapewa moja.

Utaratibu ulifanya kazi, hilo halina ubishi. Hakuna aliyemwita tena kuhusu chumvi. Alishona Jumatano, akashona Alhamisi, macho yakiwasha, kidole cha shahada kimevimba kwa kusukuma sindano, lakini kazi ilikwenda. Mtu akija mlangoni na mikono iliyolowa maji, alinyoosha mkono kikapuni, akalipa, akaendelea kukanyaga cherehani.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana alizipanga nyota kitandani, kumi kumi kwa mstari. Mistari ikawa sita, na nyota tano pembeni. Akazipanga upya. Zikawa zilezile. Aliketi ukingoni mwa kitanda akizitazama. Mtu aliyewahi kumkatisha tamaa muuza uzi mpaka akapewa kibunda cha pili bure, alikuwa amelipa nyota ishirini kwa mkono wake mwenyewe, moja moja, kwa raha, bila kugundua kwamba analipa kwa rafu yake.

Alishika mfuko wa pamba. Ilibaki ngumi moja, ya kutosha nyota tatu, na muda nao haukutosha zaidi ya hizo. Upungufu ni kumi na mbili.

Akazunguka nyumba. Za wifi zilikuwa zimeshatumwa kwa majirani. Ya mumewe ilikuwa inaning'inia ofisini kwao. Za watoto zilikwenda nje na mpira, zikarudi hazitazamiki. Zilizobaki salama zilikuwa za mama mkwe, ndani ya begi lake, zimefungwa kwenye leso. Kumi na mbili kamili. Mama huyu hakuwa ameosha hata kijiko. Aliwatuma wajukuu kuosha, akapokea nyota yeye, akawalipa peremende.

Mama Vipande alimkuta kwenye kiti chake, sindano ya kufumia ikienda na kurudi.

"Mama, naomba zile nyota zako."

"Unaomba?" Mama mkwe hakusimamisha sindano. "Wiki nzima nyumba hii haijaombwa kitu, inauziwa tu. Umeanza lini kuomba?"

"Kesho nisipofikisha themanini, nakosa rafu. Unajua."

"Najua. Ndiyo maana nilizifunga vizuri."

Mama Vipande alivuta kigoda, akakaa. Magoti yakalia, wote wawili wakayasikia, hakuna aliyeyataja. "Haya. Unataka nini?"

"Nusu ya rafu."

"Nusu! Uweke nini?"

"Vitambaa vyangu. Nimejaza sanduku. Kila anayeingia kwangu anavisifu, akitoka anakwenda kununua vya plastiki. Havinunuliwi kwa sababu havionekani."

"Sehemu ya kumi, mama."

"Sehemu ya kumi nitaweka nini, pini? Theluthi."

"Nyota zenyewe nimezishona mimi."

"Na mimi nimezichuma kwako, kwa bei yako. Au ulikuwa unatania?"

Walikwenda wakarudi, mpaka wifi akaacha kufagia ili asikilize vizuri. Wakakubaliana robo. Mama mkwe akafungua leso, akahesabu nyota mkononi mwa mkwewe moja moja, kama mtu anayetoa meno yake. "Na kesho nakwenda nawe," alisema. "Robo yangu nitaiona kwa macho yangu."

Usiku ule alishona tatu za mwisho, na Jumamosi walifika dukani saa tano na nusu. Mwenye duka alizihesabu nyota, akivuta kila pembe kwa kucha kuona kama uzi utaachia. Haukuachia. Themanini.

"Rafu yako," alisema.

Mama Vipande alitarajia kwamba atafurahi. Alichotaka ni kukaa. Alizipanga nyota kwa rangi, nyekundu mbele, na kwenye robo ya chini akaweka vitambaa sita vya mama mkwe, vimekunjwa. Mwenye duka alikiokota kimoja, akakitandaza kaunta, akakipitishia kiganja.

"Hiki kafuma nani?"

"Mimi," mama mkwe alisema.

Mwenye duka akamgeukia Mama Vipande. "Krismasi ikipita nyota hazina mteja, hilo unalijua. Januari utanijazia nini? Rafu tupu mimi sitaki."

Mama Vipande alikuwa amefikiri hadi Jumamosi saa sita mchana, na mawazo yake yalikuwa yamekaa hapo kumsubiri. Mbele ya hapo hakuwa na kitu. Akavitazama vile vitambaa sita.

"Vitambaa vya mezani," alisema. "Januari mpaka Oktoba."

"Basi vije vingi."

Mama mkwe alikohoa, kikohozi kidogo cha mtu asiyeumwa kifua.

Nje ya duka palikuwa na benchi. Walikaa. Watu walipita na vifurushi, wakigombania njia. Mama Vipande alivua kiatu kimoja, akakosa nguvu ya kuvua cha pili.

"Ile robo, mwanangu," mama mkwe alianza, "ilikuwa bei ya jana."

"Najua, mama."

"Leo ni nusu."

Jibu alikuwa nalo. Rafu ilitolewa kwa jina lake. Miaka saba ya kikapu ilikuwa yake, na bila nyota hao wateja wasingefika hata mlangoni. Theluthi ingempendeza kila mtu. Alifungua mdomo aseme, akauona urefu wa mazungumzo hayo tangu mwanzo mpaka mwisho, akaufunga.

"Nusu," alisema.

Mama mkwe aligeuka mzima mzima. "Nusu? Hubishani?"

"Sibishani."

Akamwekea mgongo wa mkono kwenye paji la uso. "Wewe unaumwa."

"Siumwi, mama. Nimechoka."

Mama mkwe alibaki na uso wa mtu aliyebeba hoja zake njia nzima akakuta soko limefungwa. Akasogea kidogo ili mkwewe anyooshe mguu.

"Basi pumzika," alisema. "Nusu ya juu au nusu ya chini, hilo tutabishana kesho."