Mtunzi wa mitihani anayetamani kusikia makosa

Saa tatu asubuhi. Mtunzi wa mitihani amelikodolea macho swali moja la hesabu, kalamu mdomoni. Jibu sahihi analo: 5/6. Anachotafuta ni majibu matatu ya uongo ya kuwekwa pamoja nalo, ili mwanafunzi achague. Hayaji.

"Jibu sahihi hata mashine inalitoa," anasema bila kuinua kichwa. "Kazi ni kosa. Kosa lazima liwe na mwenyewe."

Wenzake ofisini humwita Bi Mtego, na jina hilo halipendi hata kidogo. Yeye hamtegi mtu, anasema. Zamani akiwa darasani, kabla ya kuhamishiwa hapa, mtoto mmoja alimwandikia kuwa nusu ukijumlisha na theluthi unapata 2/5. Alipomuuliza amefikaje huko, mtoto akamshangaa yeye: si tunajumlisha, mwalimu, juu kwa juu, chini kwa chini? Kosa hilo analitumia mpaka leo. Mwanafunzi akilichagua, mwalimu wake anajua pa kuanzia.

Lakini akiba ya makosa kama hayo huisha. Juzijuzi maswali yake yalijaribiwa katika shule moja, na majibu yake mengi ya uongo hayakuchaguliwa na mtoto hata mmoja. Jamani, hata kwa kubahatisha!

"Nilikuwa nabuni tu," anasema. "Mtoto wa kweli hakosei hivyo. Nimesahau wanavyokosea."

Ameshaomba kurudi darasani. Mkuu wake, kijana anayemwita mama kwa heshima zote, alimjibu kwamba ofisi haiwezi kumwachia mtu kama yeye. Sifa nzuri, lakini ndizo zinazomfunga. Nyumbani mumewe humtania: watu wanaikimbia chaki, mke wangu anaililia. Naye anaililia kweli. Akipita karibu na shule wakati wa vipindi, hupunguza mwendo mpaka anaotembea nao wamwache.

Wiki hii ameomba tena. Safari hii hataki kuhama. Anataka asubuhi moja tu kwa wiki, darasa lolote, hata lile lililowashinda walimu wote. Jibu bado.

Akikubaliwa, siku ya kwanza hatafundisha kitu kipya. Ataandika swali ubaoni, kisha atakaa.

"Nataka mtoto anyooshe mkono, akosee mbele yangu, nimuulize, 'Umefikaje hapo, mwanangu?' Halafu nimsikilize mpaka mwisho."