Samaki wa Buluu Mlangoni

Harufu ya nta inayoyeyuka hunichukiza hadi leo. Juzi niliinusa tena nyumbani kwa Zuhura, Mbweni, alikotualika sisi wastaafu tutie rangi vitambaa na kushona mfarishi, tandiko la kitanda la vipande vilivyoungwa, kwa kujiburudisha. "Kama enzi zetu Chang'ombe," aliwaambia wageni, "tulivyokuwa tukipendana!" Sikumbishia mbele za watu. Lakini nimetumikia ofisi maisha yangu yote, na taarifa ya uongo siwezi kuiacha ipite bila kusahihishwa.

Ukweli ni huu. Tulikuwa wasichana wachache, tukikutana uani kwa akina Zuhura. Kila mmoja alileta kitambaa cheupe kutoka kwao; tulikichora kwa nta, tukakizamisha katika ndoo ya rangi, kisha tukakianika na kukitazama kikigeuka kutoka kijani hadi buluu kadiri kilivyopigwa na upepo. Vipande hivyo vilikuwa vya mfarishi wa dada yake Zuhura, aliyekaribia kuolewa. Tulikubaliana kwamba kitakachopendeza kuliko vyote ndicho kitakachokaa katikati.

Wenzangu walileta vitambaa vipya vya marekani, vyenye wanga wa dukani. Mimi nilileta kipande cha shuka la mama, alichokikata mwenyewe na kukipinda ukingo kwa uzi mwekundu. Mama alikuwa akifua nguo katika nyumba za watu, ya akina Zuhura ikiwamo. Shuka lile lilikuwa limefuliwa mpaka likalainika; halikuwa na wanga wa kuzuia rangi. Kipande changu kilikolea buluu nzito, na samaki niliyemchora akawa kama anaogelea. Wote wakasogea kukitazama.

"Mh! Tunu, mbona kinanuka sabuni ya watu?" akasema Zuhura, kaziba pua.

"Muulize mama'ke, shoga. Yeye ndiye anayejua kimefuliwa na chupi za nani," akadakia mwingine.

Wakacheka hadi wakaegemeana. Nami nikacheka nao, kwa kuwa nilitaka mno samaki wangu akae katikati.

Siku ya harusi, mvua ikiwa imenyesha, nilimvuta mama mkono nikamwonyeshe samaki wangu katikati ya mfarishi. Hatukufika mbali. Samaki wangu alikuwa chini, kizingitini, wageni wakifutia juu yake miguu yenye tope.

"Shikamoo, Mama Tunu," Zuhura akatupokea. "Ufute miguu vizuri, mkeka mpya huo."

"Marahaba, mwanangu."

Mama akatazama chini. Akafuta mguu wa kulia, akafuta wa kushoto, akaingia akipiga vigelegele.

Jumatatu yake kitambaa kile kilikuwa miongoni mwa nguo chafu alizopewa. Alikifua, akakikunja, akakirudisha. Nilimchukia miaka mingi, nikiamini kwamba hakukitambua. Hadi nilipoajiriwa, nikajifunza kuchekea kejeli za wakubwa ili nibaki kazini, ndipo nilipoelewa. Mikono iliyoshona ule uzi mwekundu haikuweza kuusugua bila kuujua. Mama alijua pale mlangoni, na alijua kwenye karai. Zuhura naye alijua. Asiseme tena kwamba tulipendana.