Siafu Wenye Kofia za Chuma

Mwezi uliopita binti wa kaka yangu alinijia hapa Lindi na mfuko uliojaa karata. Aliniamkia, akapangusa meza kwa kiganja, akazimwaga zote: majoka, wachawi wenye fimbo, farasi wenye mabawa. Ni mchezo ambao vijana wa mjini hukutana kuucheza nyuma ya duka la vifaa vya shule. Karata kali huuzwa ghali, na yeye hana za namna hiyo.

"Shangazi, nataka kupanga fungu la kushinda kwa hizi hizi nilizo nazo. Baba kasema nije kwako."

"Kwa nini kwangu?"

"Kasema yeye alikuwa bingwa wa Somanga kwa karata za kuokota. Mbinu ya karata za siafu aliibuni mwenyewe. Wewe ulikuwa unakaa pembeni unamtazama, labda unakumbuka alivyowapanga."

Niliinuka nikaenda kuinjika chai ambayo hakuna aliyeiomba. Sikutaka mtoto auone uso wangu. Wewe, rafiki, nitakueleza, maana wa enzi zile waliobaki wanaoijua habari hii ni wawili tu, na mmoja wao anaisimulia uongo.

Unaikumbuka Somanga ya kabla ya lami? Masika yakishika, barabara ya Dar iligeuka uji. Mabasi yalikwama, abiria wakalala kwetu, nasi tukaishi kwa kukwama kwao. Bibi, aliyetulea mimi na kaka, alikaanga samaki tangu alfajiri. Mimi nilipita na sinia la mihogo na korosho, macho yakiniwasha kwa moshi wa maganda ya korosho, vidole vimebabuka kwa mafuta yake. Duka la kituoni liliuza chingamu, na ndani ya kila pakiti mlikuwa na karata moja yenye picha ya kiumbe cha ajabu na namba ya nguvu zake. Maandishi yake hata mwalimu hakuweza kuyasoma, kwa hiyo sheria tulizitunga wenyewe. Namba kubwa hula ndogo. Karata zenye picha moja huweza kushushwa kwa pamoja, nguvu zao zikajumlishwa. Anayeshinda huchagua karata moja katika fungu la mwenzake.

Mtoto wa mwenye duka alikuwa na zimwi la vichwa saba, na hakuna aliyewahi kulishinda. Wote tulitaka kuwa kama yeye, tukatafuta wakubwa. Siafu hakuna aliyewataka. Siafu alikuwa na nguvu moja tu, amevaa kofia ya chuma na kushika mkuki mdogo kama kijiti cha meno. Watoto wa abiria walifungua chingamu, wakimwona siafu wanamtupa matopeni.

Mimi nikamwokota. Niliziosha karata zile, nikazianika kwenye ungo kando ya makopa ya muhogo, nikazinyoosha chini ya jiwe la kusagia. Zilizochanika niliziunga kwa utomvu wa mkorosho. Bibi alinicheka: "Wenzio waokota korosho, weye waokota taka!" Jioni nilikaa mkekani nikacheza peke yangu, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Hapo niligundua kosa. Siafu wakitoka mapema, huliwa mmoja mmoja. Lazima wangoje mkononi hadi watimie, na kwa kungoja unahitaji wengine wa kufa kwanza. Nikatafuta konokono na popo, ambao nao hawakuwa na mwenyewe. Karata yangu moja ya maana, farasi mwenye mabawa, niliibadilisha kwa siafu wa kujaza kiganja. Kituo kizima kiliangua kicheko: "Huyu kapagawa!" Kaka, aliyetoka jandoni mwaka uliotangulia, alinidhihaki kuliko wote. "Siafu wako nitawatia chumvi," alisema, "niwatafune na muhogo."

Siku yangu ya kupambana na mtoto wa mwenye duka ilipangwa iwe Idi Kubwa. Kabla haijafika, mwili wangu ukabadilika. Bibi akamwita kungwi, nikaingizwa ndani kwa unyago.

Kwetu mwali anapoingia ndani, vitu vyake vya utoto hugawiwa, asiwe na cha kurudia. Mwanasesere wangu wa magunzi alikwenda kwa mtoto wa jirani. Kopo la maziwa nililohifadhia fungu langu, karata zimepangwa tayari kwa zamu ya kushuka, bibi alimpa kaka.

"Bibi, hizo nina mchezo nazo Idi."

Kungwi ndiye aliyejibu. "Mwali hachezi. Mwali huchezwa."

Siku ya Idi niliusikiliza mchezo wangu kupitia ukuta wa udongo. Kwa kelele tu nilijua karata ipi imeshuka. Konokono, wakacheka. Popo, wakacheka tena. Kisha kimya, na baada ya kimya mayowe: "Siafu! Siafu!" Zimwi la vichwa saba lilikuwa limekufa vilevile nilivyolipangia. Bibi akaniletea ugali. "Kaka yako kashinda," akasema. "Mwombee dua."

Hasira ile haijapoa, wala siombi ipoe. Unyago siukatai, ndani mle nilifundishwa mengi yaliyonifaa. Ninachokataa ni mizani yake. Kaka alitoka jandoni akaitwa mwanamume, akarudi kituoni kucheza. Mimi nilitoka nikakabidhiwa mchi. Na kinachonichoma zaidi ni kwamba kaka hajui kuwa anadanganya. Ameisimulia hadithi yake hadi ameiamini.

Chai ilipochemka nilirudi mezani, nikamweleza binti yote. Akapasuka kucheka. "Kumbe baba mwizi!"

"Usimwite hivyo babako," nilisema, kwa sauti ambayo haikumshawishi.

Tukapanga. Kwenye mfuko wake walijaa panya wenye mapanga, ambao wenzake humpa bure kwa kuwaonea kinyaa, na katika mchezo wake nako wa picha moja huweza kushuka pamoja. Tuliweka panya.

Jioni kaka alipiga simu. Likizo hii binti yake ataingizwa ndani, na alikuwa ameniomba niwe somo wake, wa kukaa naye na kumfunda.

"Vipi, mdogo wangu, umekubali?"

"Nimekubali. Ila karata zake zitaingia naye."

"Aa! Mila hiyo. Vya utoto hugawiwa."

"Vya kwako waligawiwa akina nani?"

Akacheka. "Bado tu unavikumbuka vile vikaratasi?"

"Viko wapi?"

"Nitajuaje? Si vilioza huko."

Vilioza. Siku hizi mabasi yanapita Somanga yakivuma juu ya lami, hakuna anayelala. Duka la kituoni ni kibanda cha kutuma fedha kwa simu. Bibi yuko kaburini, na kungwi vilevile, hakuna wa kumuuliza kwa nini. Ila mila ile ile bado inasimama, inangoja kopo jingine.

Karata za binti nimezitia koponi, nimelifungia kabatini kwangu hadi siku yake ya kuingia, na ufunguo ninao. Mlangoni kwa mwali hukaa somo. Safari hii nitakaa mimi, na atakayekuja kugawa atanikuta.