Tangazo lililomnyima usingizi Mzee Spika

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtangazaji wa stesheni anatoka kwenye kijumba chake, anapiga hatua sita hadi ukingoni mwa jukwaa, anakikodolea macho kibao cha namba kana kwamba hajawahi kukiona, kisha anarudi ndani na kushika kipaza sauti.

"Treni ya mjini inaingia jukwaa la kwanza. La kwanza, ndugu abiria, upande wa makazi."

Anakaa, anafumba macho kidogo. Treni thelathini na nane hupita hapa kwa siku, na kila moja huitokea hivyo hivyo. Vijana hawakosi la kusema. "Mzee, umepotea?" anatupiwa.

Abiria wanamwita Mzee Spika. Wengi wanaijua sauti yake bila kuijua sura. Ana miaka hamsini na tisa, magoti yanamsumbua, na amebakiza miezi minane astaafu.

Ili ukielewe kibao hicho, sharti uielewe stesheni yenyewe. Alipoanza kazi kulikuwa na reli moja na jukwaa moja, upande wa kiwanda, maana karibu abiria wote walikuwa wafanyakazi wa kiwanda. Kiwanda kikafa. Nyumba zikaota upande wa pili, ikatandikwa reli nyingine na jukwaa lake, na juu likapitishwa daraja la ngazi hamsini na mbili. Ofisi ya tiketi haikuhamishwa. Hadi leo anayekaa upande wa makazi huvuka daraja kwenda kukata tiketi, kisha hulivuka tena kurudi kupanda treni kule kule alikotoka.

"Aliyechora hii ramani hakuwa na magoti," anasema Mzee Spika.

Mwaka juzi wakubwa wakaamua namba zifanane na za stesheni nyingine za njia hiyo. Vibao vikabadilishwa asubuhi moja: jukwaa la pili likawa la kwanza, la kwanza likawa la pili. Treni hazikuhama. Kilichotakiwa kuhama ni ulimi wa mtu aliyetamka kinyume chake kwa miaka ishirini na mitatu.

Ulimi ulihama, kwa miezi kadhaa. Kisha mwenzake wa zamu akaacha kazi, pengo lake lisizibwe, na Mzee Spika akaanza kufanya saa kumi na nne kwa siku. Asubuhi moja, kichwa kizito, akaitangaza treni ya mjini jukwaa la pili.

"Sisi wenyeji hatukunyanyua hata mguu," anasema fundi viatu anayekaa chini ya daraja. "Tunajua treni inasimama wapi. Waliokimbia ni wageni, wale waliomwamini."

Walikuwa kama ishirini. Walipofika juu ya daraja, treni ilikuwa inasimama upande waliotoka. Wakageuka mbio, wakaiwahi. Binti mmoja mwenye bahasha ya kaki hakuiwahi. Alikuja dirishani kwa mtangazaji, jasho linamtiririka, akauliza kwa upole treni inayofuata ni saa ngapi. Alikuwa anakwenda kwenye usaili wa kazi, saa mbili kamili. Treni iliyofuata ingemfikisha saa tatu.

"Nilimtajia saa, basi," anasema Mzee Spika. "Samahani sikuitamka; treni ya upande wa pili ilikuwa inaingia, inanisubiri niitangaze. Angenitukana ningelala. Yeye kasema, 'Asante, baba.' Sasa asante ya nini?"

Hajamwona tena. Alimwomba stesheni masta ruhusa ya kumtaka radhi kwa kipaza sauti, huenda akasikia.

"Nilimkatalia," stesheni masta anakiri. "Kile chombo ni cha treni. Tukianza kuombana radhi pale, treni tutazitangaza saa ngapi?"

Badala ya ruhusa, Mzee Spika alipewa barua ya onyo: akikosea tena, atanyang'anywa kipaza sauti na kumalizia miezi yake akifagia majukwaa. Ndiyo maana hutoka kukitazama kibao. Aliwahi kushauriwa abandike karatasi ukutani, akabandika, haikumsaidia.

"Mdomo uliochoka hausomi karatasi," anasema. "Miguu ikienda, angalau kichwa nacho kinaamka."

Nyumbani kwake, vyumba viwili nyuma ya ghala la reli, mkewe humsikia akinong'ona namba usingizini. "Namgusa bega, namwambia, baba, hapa hakuna treni, lala," anasema huku anacheka, kisha kicheko kinamwishia. "Mume wangu amechoka. Namwambia aombe huo ufagio apumzike. Hataki hata kusikia."

Hataki kwa sababu akikosa kipaza sauti, amekosa na mpango wake. Siku ya mwisho kazini, akishaitangaza treni ya mjini ya asubuhi, hatakizima. Maneno ameshayaandaa, na anayatamka taratibu, kwa ile sauti ya stesheni:

"Binti uliyekuwa na bahasha ya kaki, niliyekukimbiza jukwaa la pili. Hukuchelewa wewe. Nilikosea mimi. Nisamehe, mwanangu."

Mkewe anamuuliza: je, kama binti hatakuwepo asubuhi hiyo?

"Nitarudia treni inayofuata," anasema. "Na inayofuata, mpaka zote thelathini na nane ziishe. Watanifukuza? Nitakuwa nimeshaondoka."